Kodi inajiendesha kwa linki, halafu mimi ndiye naulizwa "ulibonyeza ya nini?"

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule fundi wetu mnamjua, yule mwenye laptopu yenye stika nyingi kuliko daladala ya Mbagala. Kaandika servleti (kiprogramu cha Java kinachokaa kwenye seva) ya kuwatumia wazazi SMS za kudai ada, na kazi yote kaisokomeza ndani ya doGet, ile sehemu inayoitika mtu akifungua linki tu. Nywila hakuna, fomu hakuna, hata "una uhakika?" hakuna. Ukiandika tu /tumaAda kwenye kivinjari, Tomcat, seva inayoendesha hizo servleti, inaitika labeka na SMS 1,900 zinaondoka. Paka akikanyaga kibodi, mtaa mzima unadaiwa.

Jana saa nne usiku kaibandika linki hiyo kwenye grupu la ofisi, chini kaandika: "Msibonyeze hii." Jamani! WhatsApp ukiibandikia linki inaifungua yenyewe, ipate kichwa na picha ya kuonyesha. Kwa hiyo wa kwanza kuzituma ni simu YAKE, kabla hata ujumbe haujaondoka. Logi ya seva, inayoandika kila aliyegonga hodi, ninayo, ombi la kwanza limejitambulisha "WhatsApp" kabisa. Mimi nilikuja baadaye, nikabonyeza mara moja. Haya, mara mbili, ukurasa ulikuja mweupe.

Leo kikaoni, mbele ya mhasibu na mama wa chai, kanigeukia: "Ulibonyeza ya nini?"

Mimi! GET, ombi linalotumwa ukifungua linki, ni ya kuomba kuonyeshwa kitu, siyo ya kufyatua mzinga. Mwaka 2005 Google walitoa Web Accelerator, ikawa inawafungulia watu linki mapema, ikapita na zile za "futa", vitu vya watu vikapotea. Hayo ya 2005! Yeye leo ananiuliza nilibonyeza ya nini. Mama wa chai kacheka mpaka kaweka birika chini.

Kobe_Mzee: Mkuu, pole. Ila ulibonyeza ya nini?

BintiSeva: Umeandikiwa "msibonyeze", ukabonyeza mara mbili. Wewe na WhatsApp hamna tofauti.

Mleta uzi: Ukurasa ulikuwa MWEUPE, dada.

Chuma_Ulete: Hamishia doPost, inayoitika fomu ikitumwa, siyo linki ikifunguliwa. Weka na tokeni ya CSRF, ile namba ya siri ya kuthibitisha ombi limetoka kwenye fomu yenu, tukalale.

Mleta uzi: Nikihamisha nitaulizwa nimegusa ya nini.

Nusu_Mkate: Afadhali yenu inaitika. Sisi tumehamia Tomcat 10, servleti zote tuliandika kwa jina la zamani la maktaba yake, javax.servlet, kumbe yenyewe inataka jipya, jakarta.servlet. Kila linki 404, yaani "haipatikani". Wameamka wakabadilisha jina, siku ya tatu hii sijalala.

Kobe_Mzee: Rudi Tomcat 9 ulale, mzee.

Nusu_Mkate: Bosi kashatangaza kwa mteja kwamba tuko kisasa.

Mama_Wawili: Mie nimeona "kodi inajiendesha" nikadhani ya nyumba. Wangu kaniongezea elfu thelathini, na maji yanatoka Jumanne tu.

Chuma_Ulete: Unayo Jumanne? Wangu anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na geti anafunga saa tatu.

BintiSeva: Wangu kanikatia umeme niko katikati ya kupandisha mfumo. Anasema feni yangu inakula luku.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada.

Mama_Wawili: Subiri kidogo baba. Chuma, huko kwenu ni wapi, vyumba vipo?