Wakala wa nje anataka asilimia 49 ya kampuni yetu ya mlima. Bado itakuwa ya kizawa?

ChaliiWaSakina: Wakuu habari zenu. Mimi na shemeji yangu tuna kampuni ndogo hapa Arusha, tunapandisha wageni Kilimanjaro, wengi kwa njia ya Machame. Wakala wa Ujerumani anayetuletea wageni sasa anataka hisa 49, sisi tubaki na 51 na leseni. Ila wageni watalipia kwenye akaunti yake kule, halafu anatutumia "gharama za mlima". Tovuti na jina la biashara vitakuwa vyake. Shemeji anasema 51 ni 51, kampuni bado yetu. Mimi roho inasita.

Mangi_wa_Kiboriloni: Jina lisikuzubaishe. Huku Moshi Bonite wanajaza Coca-Cola, jina la Marekani, lakini kiwanda ni cha IPP, kampuni ya Mtanzania mwenzetu marehemu Mengi. Bia ya Kilimanjaro nayo imebeba jina la mlima wetu, lakini TBL, kampuni inayoitengeneza, mwenye hisa nyingi ni AB InBev wa Ubelgiji tangu waimeze SABMiller, mmiliki wa awali, mwaka 2016.

MamaHesabu: 51 ya nini? Tuseme mgeni kalipa dola 2,500 kule, wewe ukatumiwa 1,900. Toa ada za hifadhi, wapagazi, chakula, gari. Faida imeshabaki Ujerumani, huku mnagawana risiti za nyanya na gesi. TRA, watu wa kodi, nao watakuuliza hiyo 600 imeenda wapi.

DerevaMstaafu: Uzalendo wa kwenye simu huo. Aprili mvua ikinyesha na mahema yamelala stoo, nani atamlipia Chalii kodi ya ofisi? Mzungu ndiye mwenye wageni, mpeni chake.

MamaHesabu: @DerevaMstaafu apewe kamisheni basi, mzee wangu. Kamisheni haihitaji hisa.

Wakili_Njiro: Dogo, Sheria ya Utalii ya 2008 imetenga kazi ya kupandisha watu mlima kwa Watanzania. Na tangu 2020 BRELA, wanaosajili kampuni, wanataka umtaje mmiliki manufaa, yaani mtu anayeiendesha na kufaidika kweli, hata kama hisa zina jina la shemeji. Kabla hujasaini, angalia nani anasaini benki na nani anaweza kumfukuza mkurugenzi.

ChaliiWaSakina: Asanteni. Nimeufungua tena mkataba jioni hii. Ukurasa wa sita: malipo yote yasainiwe na huyo wakala "au mtu atakayemteua". Shemeji alikuwa hajafika ukurasa huo. Kesho tunaenda kwa wakili, na nauli analipa yeye.