Wifi ananishinda mbio na siku hizi siwezi tena kucheka. Naomba ushauri

MkeWetu_Nakuru

Habari zenu wapendwa. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjanirarua, maana najua mwanzo wake unachekesha.

Nina miaka 34, nimeolewa, tunaishi Nakuru upande wa Section 58. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ana miaka 46 na yuko Kisumu. Tulianza kukimbia karibu wakati mmoja, yeye kwa sababu ya presha, mimi baada ya mtoto wa pili. Kila wiki kila mmoja anakimbia kilomita 10 kwake, tunaonana kwenye Strava, ile programu ya simu inayorekodi mbio. Desemba tukikutana nyumbani Maseno tunakimbia ana kwa ana, na mshindi anaondoka na mwiko. Si kombe, ni mwiko, ule mkubwa wa kusongea ugali wa matanga, aliouchonga babu yao. Mshindi anautundika jikoni kwake mwaka mzima. Aliyeshindwa anasonga ugali wa Krismasi wa watu thelathini.

Mwaka wa kwanza nilishinda mimi. Baada ya wiki moja wifi akanitumia picha ya ukuta wa jikoni kwake, mtupu, msumari umepigiliwa tayari. "Msumari unauliza habari za mwiko, mke wetu." Nilicheka siku nzima. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Mwaka wa pili akashinda yeye. Mwaka jana akashinda tena, dakika moja na nusu mbele yangu, mama mkwe akaandika kwenye grupu ya familia "Damu haidanganyi," watu wakaweka vicheko, basi, mambo yakaendelea.

Tangu hapo sijielewi. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, na kabla sijamsalimia mume wangu nishafungua simu kuangalia wifi amekimbia ngapi. Akikimbia nane, nakimbia tisa. Mazoezi mengine nayaficha asiyaone, halafu kwa simu namwambia "hata sijapata nafasi wiki hii, wifi, kazi imezidi." Muundi wa mguu wa kushoto unaniuma mwezi wa pili sasa na bado napanda njia ya Menengai kila Jumamosi.

Sasa hili ndilo limenileta. Wiki tatu zilizopita wifi alilazwa na malaria. Mume wangu alinipigia akiwa kazini, sauti imebadilika. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa pole. Nilihesabu wiki. Nilijiambia atapoteza mwezi mzima wa mazoezi, mwaka huu mwiko unarudi Nakuru. Ndipo nikampigia kumpa pole, kwa sauti nzuri kabisa.

Niache kukimbia? Ama niache tu kushindana naye? Na nimwambie, ama ninyamaze?

Bondeni_Damu

Dada, wewe sasa ni mkimbiaji ama mpelelezi? Mtu anaficha mazoezi kama anaficha mpango wa kando 😂

Mama_Wawili_Kakamega

Mimi sicheki. Mgonjwa yuko kitandani na wewe unahesabu wiki? Huyo ni dada ya mume wako, shangazi ya watoto wako. Siku ukipata shida, gari la kwanza kufika Nakuru litakuwa lake. Kabla ya ushauri wa mbio tafuta ushauri wa moyo.

Kocha_wa_Bure

Mama Wawili, pole pole, amekuja mwenyewe kusema. Anayefurahia kweli shida ya mwenzake haji kuomba ushauri.

Nianze na mguu, hayo mengine yatangoja. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole. Maumivu yakisambaa sehemu ndefu ya mfupa, mara nyingi ni uchovu wa kuongeza kilomita haraka, na hupungua ukipumzika. Lakini ukipata sehemu moja ndogo inayouma hasa, au ikiuma usiku umelala, hiyo huenda ni ufa kwenye mfupa. Usiukimbie. Nenda hospitali.

Pili, mnalinganisha vitu visivyolingana. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,150. Kwako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwake kama 87. Kila pumzi yako ina oksijeni kidogo kuliko yake. Yeye naye ana joto na unyevu wa ziwa, na jua likishapanda Kisumu mwili unatumia damu kujipoza badala ya kuipeleka miguuni. Kwa hiyo hata ukikimbia dakika 56 Nakuru naye 54 Kisumu, ni kama kupima unga kwa debe na mafuta kwa kikombe.

Tatu, hakuna mtu anayejengeka kwa kukimbia kila siku kama anafukuzwa. Siku nyingi ukimbie ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wewe umeuondoa huo ulegevu kwa sababu ya namba za mtu mwingine, na mguu umekulipa.

Na mkitaka kulinganisha kwa haki, kuna majedwali ya umri ya World Masters Athletics. Unaweka umri, jinsia na muda, unapata asilimia.

MkeWetu_Nakuru

Kocha asante, kuhusu mguu nimekusikia. Ila hayo majedwali ya umri usiyataje mbele ya wifi! Ana miaka 46. Yakimwongezea alama sina hata pa kujificha. Halafu Maseno hakuna kisingizio cha hewa, ni karibu mita 1,500, yeye anapanda, mimi nashuka. Huko ndiko aliniacha dakika na nusu.

Bondeni_Damu

Kwa hiyo anakushinda kwa miaka, kwa dakika na kwa mwiko. Kubali tu dada. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mzee_wa_Riat

Watoto wangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu wa Riat, ule mlima wa Kisumu unaowafanya madereva wabadilishe gia. Nimekimbia juu yake nikiwa kijana na sasa nautazama tu nikiwa kwenye kiti.

Tulikuwa wadogo mwaka 1968, habari za Olimpiki ya Mexico tulizipata redioni asubuhi yake. Kipchoge Keino ameshinda mita 1500. Watu wengi hukomea hapo. Mbele ya Keino kwenye mzunguko wa kwanza alikuwa kijana wa Mlima Elgon, Ben Jipcho, naye aliuvuta huo mzunguko kwa kama sekunde 56, kasi ya kichaa mahali palipo juu zaidi ya mita 2,200. Kazi yake ilikuwa kumchosha Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa na mwisho mkali kuliko watu wote. Keino akamshinda Ryun kwa karibu sekunde tatu. Jipcho akamaliza wa kumi.

Miaka minne baadaye, Munich, mbio za kuruka viunzi na maji, Keino dhahabu na Jipcho fedha. Huyu aliyemvutia mwenzake sasa yuko nyuma yake kidogo tu. Na 1974 kule Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Keino hayupo, Jipcho akachukua dhahabu mbili na shaba.

Nawaambia hili kwa sababu nilikuwa nikibishana na kaka yangu kila jioni nani mkubwa kati ya hao wawili. Kaka alikuwa wa Keino, mimi wa Jipcho. Tulibishana hadi akafa mwaka ule wa korona, na mimi bado nina hoja ambazo sikumwambia.

Dada_Njoro

Mzee umenitoa machozi na nilikuja hapa kucheka.

Msomaji_Kimya

Mimi huwa siandiki, nasoma tu. Lakini MkeWetu, kuna sentensi umeipita mbio kuliko zote. "Damu haidanganyi." Umesema watu waliweka vicheko, basi, mambo yakaendelea. Kisha aya inayofuata inaanza na "Tangu hapo sijielewi." Tangu kushindwa, ama tangu hayo maneno?

Mwaka wa pili ulishindwa pia. Hukuamka saa kumi na nusu.

Mama_Wawili_Kakamega

Heh.

MkeWetu_Nakuru

Nimekaa na swali lako tangu jana.

Ni hayo maneno. Sikuwahi kuyasema kwa sauti hata kwa mume wangu kwa sababu yatasikika kama namshtaki mama yake, na mama mkwe wangu si mtu mbaya. Alinikalisha wiki sita nyumbani nilipojifungua, ananitumia omena na mtama kwa matatu bila kuombwa. Lakini nina miaka tisa katika hiyo nyumba. Nimesonga ugali wa matanga mawili kwa mwiko huo huo. Nilidhani mimi ni wa pale. Kumbe ilihitaji tu kilomita 10 nikumbushwe kuwa kuna damu, na kuna mimi.

Nikisema nataka kumshinda wifi, nadhani nataka mama aandike jambo lingine kwenye grupu.

Mama_Wawili_Kakamega

Sasa umesema. Nilikukaripia, na mengine siyaondoi, lakini hapo nakuelewa. Mimi nimeolewa miaka 19 na hadi leo picha za familia zikipigwa mtu husema "sasa wenyewe tu wasimame." Wenyewe. Nami nimeshika bakuli.

Mwambie wifi. Usimwambie mama kwanza, itakuwa kesi, wazee wataitwa. Mwambie wifi, wanawake wawili, bila grupu.

Bondeni_Damu

Mimi napinga. Hiyo ya malaria asiseme kamwe. Ukweli mwingine ni wa kumeza na maji mengi. Amwambie hiyo ya damu pekee.

Kocha_wa_Bure

Hilo si la kocha. La kocha ni hili: badilisheni mchezo. Kila mmoja aandike kwenye karatasi muda anaodhani atakimbia, avue saa, asiguse simu, akimbie. Aliyekaribia zaidi alichokiandika ndiye mshindi, hata kama amekuja wa mwisho. Vijana ninaowafundisha wanaupenda kwa sababu wa kasi na wa pole wote wana nafasi, na unajifunza kuusikiliza mwili wako badala ya kumsikiliza jirani.

Halafu huyo wifi akitoka hospitali asirudi kwa kasi. Malaria huacha damu pungufu. Atembee kwanza, akimbie kidogo siku ambayo ngazi hazimfanyi ahema, na daktari awe amemruhusu.

Dada_Njoro

Na MkeWetu usiache kukimbia. Mimi niliacha mashindano na binamu yangu nikaacha na viatu pia, sasa nina kilo 14 za kuthibitisha.

MkeWetu_Nakuru (mrejesho)

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Samahani kwa kimya.

Mguu: nimepigwa picha, mfupa haujapasuka. Nimeambiwa wiki nne bila kukimbia. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeacha sigara.

Wifi: nilishuka Kisumu Jumamosi, peke yangu, nikabeba debe la viazi vya Molo maana kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu haiwezekani. Nilimkuta amekonda lakini anaongea. Jioni tukatembea taratibu hadi Dunga, tukanunua ngege, tukakaa kando ya maji. Bondeni, nilikuwa nimepanga kufuata ushauri wako. Nilianza na damu, na nilipofika katikati malaria ikatoka yenyewe. Nilisema yote, hadi kuhesabu wiki.

Alinyamaza. Niliona mtumbwi mzima ukiingia ufukweni na watu wakishuka kabla hajasema kitu. Kisha akauliza, "Ulihesabu ngapi?"

Nikasema nne.

Akasema, "Mimi siku uliponiambia muundi unakuuma nilienda kununua viatu vipya."

Wapendwa, tulicheka hadi mwenye samaki akaja kutuangalia. Kumbe naye huficha mazoezi. Kumbe hupanda Riat saa saba mchana juani ili asionekane na jirani anayenifahamu. Nikamuuliza kwa nini, dada mkubwa mzima. Akasema mwaka ule wa kwanza niliposhinda mimi, mama alimpigia simu akamwambia, "Mke wa ndugu yako ni kijana, umezeeka, muachie tu mwiko." Huo msumari wa jikoni aliupigilia jioni hiyo hiyo.

Yaani mama mmoja, chambo mbili.

Bado kuna jambo halijakaa sawa. Nilimwambia ile ya damu inaniuma na akasema "mama hutania tu," haraka, kama mtu anayefunga dirisha. Yeye ni damu, pengine hawezi kuisikia nilivyoisikia mimi. Sikusukuma. Asubuhi nilipokuwa nikifunga begi aliutoa mwiko msumarini akautia kwenye gazeti, akasema nikae nao hadi Desemba. Nikakataa. Tukavutana mlangoni kama watoto. Umebaki kwake.

Desemba tutacheza ule mchezo wa Kocha wa kutabiri muda. Wifi aliutangaza kwenye grupu jana usiku, mimi sikuandika kitu. Baada ya dakika chache mama akajibu kwamba naye anaandika wake, kutoka mlangoni kwake hadi kanisani, kwa fimbo.

Bondeni_Damu

Mama ameenda hiyo njia kila Jumapili miaka hamsini. Anzeni kusonga ugali mapema.