Mrejesho: Mtoto wa mbwa aliyekuwa aking'ata watu visigino

Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kumzuia mtoto wangu wa mbwa, jike wa aina ya Border Collie, asiwang'ate watu visigino, hasa watoto wanapokimbia.

Ushauri uliosaidia zaidi ni ule wa kusimama tuli mara tu meno yanapogusa ngozi au nguo, bila kupiga kelele wala kuvuta mguu, kisha kumpa mwanasesere wake wa kamba autafune. Mbwa wa jamii hii walizalishwa kwa vizazi vingi ili waswage mifugo, kwa hiyo kinachokimbia humsisimua na kinachosimama humchosha upesi. Siku hizi hukisogelea kisigino changu, husita huku masikio yamesimama, kisha hugeuka kwenda kuutafuta mwanasesere wake, nami humsifu papo hapo.

Kumlaza mchana kumesaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mtoto wa mbwa huhitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku, na kung'ata kwake kwa jioni kulitokana na uchovu tu. Kulia kwangu kwa sauti kali kama mbwa mwenzake kila aliponing'ata, kwa upande mwingine, kulimchangamsha zaidi, nikaacha.

Watoto wakikimbia uani bado huwafukuza, hivyo wakati wa michezo yao namfunga kamba ndefu na kumzawadia kila anaponigeukia nikimwita. Atakayejaribu njia hii ahakikishe nyumba nzima inaifuata, kwani mmoja akimkimbia kwa kicheko, mazoezi huanza upya.