Mchumba anataka tukaishi kijijini kwao Flores, Indonesia. Kuna maisha kweli kule?

BintiMbozi
Habari zenu wakuu. Mimi mzaliwa wa Mbozi, kwa sasa niko Dubai nafanya kazi hotelini, na hukuhuku nimempata mwenzangu ni Mindonesia yupo jikoni. Tumeelewana sana. Mwakani mkataba wake unaisha, anasema haongezi tena anataka arudi kwao akalime na anataka twende wote. Sasa kwao sio Bali wala Jakarta, ni kisiwa kinaitwa Flores, upande wa Ngada, mji wa karibu ni Bajawa na kutoka hapo mpaka kijijini ni pikipiki, tena mvua ikinyesha anasema mnashuka mnasukuma. Wanalima kahawa arabika, mahindi, mihogo, na nguruwe wanafuga. Kahawa mimi naijua, baba ana shamba na yuko AMCOS (ushirika wa wakulima), kwahiyo jembe haliniogopeshi hata kidogo, ninachoogopa ni kwenda kuzeekea mahali ambapo sina hata shangazi. Kuna aliyefika huko? Mtu akilima anaishi au ndo vijana wote wamekimbia wamebaki wazee? Na mimi mgeni nitakuwa na haki gani? Msinitukane tafadhali.

kiroboto wa mjini
Dada umetoka Mbozi kwenye kahawa ukaenda Dubai, sasa unatoka Dubai unaenda kwenye kahawa Indonesia 😂😂 si upande tu basi la Tunduma urudi kwa mzee, shamba lipo na nauli unabaki nayo

Msomi_Jogja
Mdogo wangu huyo muache. Mimi nimesoma Yogyakarta na likizo moja nilienda na classmate wangu mpaka kwao Ngada, kwahiyo naongea nilichokiona.

Kwanza beba sweta, Bajawa iko juu zaidi ya mita 1,000 na usiku baridi ni ya kwenu kabisa. Watu karibu wote Wakatoliki. Flores ina seminari kubwa na inapeleka mapadri nje mpaka Afrika. Mvua ni kama Novemba mpaka Machi hivi halafu kiangazi kirefu, kahawa wanavuna katikati ya mwaka. Kuna vyama vya ushirika vinanunua kahawa ikiwa bado mbivu nyekundu wanaimenya wenyewe kwa mashine, inauzwa nje kwa jina la Flores Bajawa na ina soko zuri. Ila sio kila mtu anauza huko. Wengi miezi ya njaa wanaenda kukopa kwa mfanyabiashara wanamwita tengkulak, anakupa mchele, anakupa ada ya mtoto, na kahawa ikiiva inakuwa yake kwa bei yake. Baba yako akikusimulia habari za kuuza kahawa ikiwa bado maua utaelewa ninachosema.

Serikali nayo tangu 2015 inapeleka hela moja kwa moja kijijini, Dana Desa, kwa miaka mingi kijiji kiliweza kupata karibu rupia bilioni moja kwa mwaka, ni kama dola elfu 60. Utaona vijibarabara vya zege vinapanda mlimani mpaka mlangoni kwa watu, mifereji, mabomba ya maji. Ajira ya kudumu hiyo hela haileti lakini, zege likikauka kijana anaangalia tena njia ya kutokea.

Sasa inshu yenyewe. Muulize huyo kaka shamba ni LA NANI. Watu wa Ngada wengi wanafuata ukoo wa mama. Nyumba ya ukoo wanaiita sa'o, nayo ndo yenye ardhi, na inarithiwa upande wa wanawake, mwanaume akioa anahamia kwa mke. Wewe huna sa'o pale, na yeye kama ana dada basi kwa mila shamba analosema "la kwetu" mwenyewe ni dada yake. Silisemi kwa ubaya, ni watu wakarimu sana, ila usije ukapalilia miaka kumi shamba la wifi.

kiroboto wa mjini
Duh wifi mwenye hatimiliki 🙌 na mahari je analipa nani

Msomi_Jogja
Inategemea sehemu mkuu. Ukienda mashariki mwa kisiwa hichohicho kwa Walamaholot mahari inahesabiwa kwa pembe za ndovu na kisiwa chote hakina tembo hata mmoja, zililetwa zamani na wafanyabiashara, sasa hivi zinazunguka tu kutoka ukoo huu kwenda ule. Ukikamatwa nayo hapa kwetu utaozea jela.

Mpemba_wa_Wete
Flores karafuu pia ipo. Mbegu asili yake ni visiwa vya Maluku hukohuko kwao, hata ya kwetu Pemba ilianzia kule. Wao ndo wazalishaji wakubwa duniani na nyingi wanaivuta wenyewe kwenye sigara za kretek. Miaka ya 90 mtoto wa rais wao wa wakati huo, Suharto, alipewa ukiritimba wa kununua karafuu yote, bei ikaanguka wakulima wakaitelekeza mikarafuu, ukiritimba ukavunjwa 1998. Sasa mkulima anauza anakotaka. Mwambie mchumba apande na hiyo pembeni ya kahawa ila sehemu za chini zenye joto, huko juu kwenye baridi haitampa kitu.

Mama_Surabaya
Mdogo wangu mimi nimeolewa huku Indonesia, sio Flores lakini sheria ni hiyohiyo, nisikilize vizuri.

Ardhi ya hak milik, yaani umiliki kamili, mgeni hapati, sheria ya ardhi ya 1960 imekataa. Na ukiolewa bila mkataba wa kutenganisha mali hata mumeo anaponzeka, kwasababu mali ya ndoa ni yenu wote na wewe hauruhusiwi, hiyo ardhi inatakiwa iachiwe ndani ya mwaka mmoja. Zamani ilikuwa lazima huo mkataba muandike kabla ya ndoa, tangu 2016 mahakama ya katiba imeruhusu hata baada. Nyie andikeni KABLA.

Dini, hapa wengi wanakwama. Wewe ni Mkatoliki? Kama ni Moravian ujue kwa Indonesia Mprotestanti na Mkatoliki ni dini mbili tofauti kwenye kitambulisho, na tangu 2023 mahakama zimeambiwa zisiruhusu kusajili ndoa za dini mbili. Kazi ukiwa na kibali cha mke unaruhusiwa kufanya ya kujikimu, usiogope hilo. Watoto watakuwa na uraia pacha mpaka 18 kisha wanachagua, mwisho 21. Wewe ukichukua wa kwao wa Tanzania umekwenda.

KL_mbongo
Naongezea hapo kwenye vijana. Wako huku Malaysia. Wa Flores wanapitia Nunukan wanaingia Sabah kwenye mashamba ya michikichi, baba alikuja mtoto naye anakuja, wengi bila karatasi na wengine wanarudi kwao kwenye jeneza. Sasa kijana ambaye ameshaona Dubai na anataka kurudi KULIMA huyo ana kitu kichwani, au ana hela, au amechoka tu. Jua ni kipi kati ya hivyo.

BintiMbozi
Asanteni sana jamani. Nimemuuliza jana usiku baada ya shifti. Ni kweli, shamba kubwa ni la nyumba ya mama yake na ana dada wawili. Anasema wao hawana shida atalimia hapo kama wajomba zake wanavyofanya, na kwa akiba yake atanunua kipande kingine kiwe chake. Alishangaa nimejuaje mambo ya sa'o 😂 Na mimi ni Moravian kweli, hilo tulikuwa hatujaligusa kabisa.

Mama_Surabaya
Basi kipande kinunuliwe na mkataba uwe umeshasainiwa kwa notari, sio maneno ya kitandani. Na hao dada zake ongea nao kwa video bila yeye kukaa pembeni, kiindonesia cha kuombea chumvi utakijua ndani ya mwezi, herufi nyingi zinatamkwa kama zetu. Halafu kabla ya yote nenda ukakae huko mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshika na kahawa bado kijani na mfukoni hawana kitu. Nauli ya kurudi ibaki kwenye akaunti YAKO. Kuhusu ndoa nani abadili au mfungie wapi njoo inbox nikueleze, ni ndefu.