Mrejesho: vinyunyizio vilivyokuwa vikivunjwa na mashine ya kukatia nyasi

Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza namna ya kuzuia mashine ya kukatia nyasi isivunje vichwa vya vinyunyizio vilivyofukiwa uani, vile vinavyoinuka maji yakifunguliwa. Ushauri uliofaa kuliko wote ni ule wa kukagua kama kila kichwa kinarudi chini maji yanapofungwa, kwa sababu vile vilivyokuwa vikikatwa vilikuwa na mchanga uliokwama kwenye mpira wa shingoni. Baada ya kuvisafisha na kuvishusha hadi usawa wa udongo, huku nikipandisha kisu cha mashine hadi sentimita 8, hakuna kilichokatwa tena. Kuokota mawe na vijiti kabla ya kuwasha mashine nako kumesaidia, na nawasihi msikupuuze, maana kisu hurusha jiwe kwa kasi inayoweza kumjeruhi mtu vibaya. Pete za zege, zinazozungushiwa vichwa ili kuvikinga, zimefaa nusu tu: kwenye udongo laini wa pembeni moja ilititia upande, gurudumu likapanda ukingo ulioinuka na kupasua kichwa. Hapo nimeunganisha kwa bomba linalopinda, ambalo hukiacha kichwa kizame kidogo kikikanyagwa, na hadi sasa kinafanya kazi vizuri.