Ukurasa mmoja, matangazo mangapi? Leteni hoja

Mwandani
Wakuu, habari za muda. Nina tovuti ya makala za simu na kompyuta, tunaiendesha wawili. Makala zetu nyingi si ndefu sana, ukishuka na kidole mara kadhaa umemaliza. Kwa sasa kila ukurasa una matangazo matatu: chini ya kichwa cha habari, katikati, na mwisho. Mwenzangu anataka tufike saba, pamoja na lile linaloganda chini ya skrini hata msomaji akishuka. Hoja yake ni kwamba nafasi ikikaa tupu ni hela inamwagika. Mimi nahofia tutafukuza watu. Kikomo ni kipi hasa?

Jembe la Zamani
Google wanaruhusu matatu tu kwa ukurasa. Ukizidisha wanafunga akaunti. Mwambie mwenzako apunguze tamaa.

Fundi Skrini
Jembe, sheria hiyo ilikuwepo, AdSense, huduma ya matangazo ya Google, waliiondoa 2016. Siku hizi hawakuwekei idadi, wanachotaka ni matangazo yasizidi maudhui. Makala ndefu inabeba mengi, ukurasa wa aya mbili hata matatu unaelemewa.

Jembe la Zamani
Kwa hiyo mimi mwongo? Nimeanza kuweka matangazo wengine mkiwa bado mnacheza gemu la nyoka kwenye simu za vitufe.

Fundi Skrini
Sijasema mwongo. Nimesema 2016.

Nyota
Shida yenu mnahesabu matangazo. Msomaji hahesabu, anaumia tu. Juzi natafuta namna ya kurudisha picha nilizofuta. Nafungua ukurasa: kichwa cha habari, tangazo. Sentensi moja, tangazo. Nafika aya ya pili, nishapeleka kidole kwenye kiungo, maneno yote yakaruka chini maana tangazo la juu ndiyo kwanza linafika. Kidole kikaangukia kwenye kamari. Narudi nyuma, likafunguka jingine la skrini nzima, alama yake ya kufungia nyeupe juu ya rangi nyeupe. Nikatoka, picha zangu sijazipata, na siku hiyohiyo nikaweka kizuia matangazo. Sasa sioni hata moja na sijutii.

Fundi Skrini
Hilo la maneno kuruka lina dawa, dada. Mwenye tovuti anatakiwa atenge urefu wa nafasi mapema, kabla tangazo halijafika. Google wanalipima, wanaita CLS, na wanataka isizidi 0.1. Wengi wavivu tu.

Mkuki
Nyota, ulikuwa unaongea vizuri mpaka ulipofika mwisho. Anayetumia kizuia matangazo ni mwizi kama wezi wengine. Unasoma jasho la mtu, malipo unayakwepa.

Nyota
Mwizi? Hebu rudia.

Mkuki
Mwizi. Herufi tano, zinatosha. Mtu anakula halafu anatokea dirishani, utamwitaje?

Nyota
Mgahawani bei ipo ukutani. Kwako bei niliijua lini? Baada ya ukurasa kufunguka, bando langu limeshaliwa na video ambayo sikuiomba, na kampuni nisizozijua zimeshaambiwa nimesoma nini. Halafu mwizi ni mimi!

Mkuki
Si uondoke sasa. Nani kakushikilia?

Nyota
Niliondoka. Na kizuizi nikaweka. Ndicho kinachokuwasha.

Babu Kebo
Uzi umeshika moto, ngoja nivute kiti 😂

Fundi Skrini
Mkuki, Chrome yenyewe, kivinjari cha Google, inazuia matangazo. Ilianza Februari 2018, na kufikia Julai 2019 ikawa dunia nzima. Inafuata viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni unaopanga matangazo yapi yanakera. Tovuti ikionekana inavunja viwango inapewa siku 30 ijirekebishe, ikigoma yanazimwa matangazo yake yote, hata yale yasiyo na kosa. Google nao ni wezi?

Mkuki
Google anazuia ya wenzake. Ya kwake umewahi kuona yakizimwa?

Fundi Skrini
Nimesema yote. Ya kwao yamo humo humo.

Mkuki
Haya bwana, msemaji wa kampuni.

Fundi Skrini
Hoja zikiisha ndiyo tunapewa vyeo.

Babu Kebo
Vijana, mnagombania kitu ambacho mlango wake ulifunguliwa Oktoba 1994. HotWired, jarida la mtandaoni la Marekani, waliweka mabango, mojawapo la AT&T, kampuni ya simu, kakipande kembamba tu. Inasemwa watu 44 katika kila 100 walioliona walilibofya! Siku hizi ukipata mmoja katika 100 unachinja mbuzi. Hadi 1998 watafiti walishaonyesha kwamba macho yanayapita mabango kama hayapo, hata pale bango lilipobeba jibu ambalo mtu alikuwa analitafuta. Sasa jicho likishazoea kuruka matatu, la saba linamsubiri nani?

Nyota
Babu, na haya yanayorukia usoni aliyaleta nani? Nimtafute.

Babu Kebo
Ethan Zuckerman, enzi hizo yuko Tripod, tovuti iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao. Kampuni ya magari ilikasirika kukuta bango lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Jamaa akaona basi tangazo lifunguke kwenye dirisha lake peke yake, lisionekane lina undugu na ukurasa. Alikuja kuandika 2014 akaomba msamaha.

Nyota
Msamaha miaka yote hiyo baadaye. Naukataa.

Mwandani
Jamani, mimi bado nipo hapa na swali langu.

Kalamu Kavu
Mwandani, achana nao nikwambie. Mwenzako anachanganya nafasi na mapato. Mtangazaji anataka tangazo lionekane, na kipimo kinachotumika ni angalau nusu ya tangazo iwe ndani ya skrini kwa sekunde moja, video sekunde mbili. Sasa la sita na la saba unaliweka chini kabisa ambako wengi hawafiki. Linapakiwa, halionekani. Wastani wako wa kuonekana unashuka, na wanunuzi wakiona hivyo wanakupunguzia dau hata kwa lile la juu lililokuwa linakulisha. Ukitaka kuongeza, fanya yapakiwe msomaji anapokaribia, sio yote kwa mkupuo mwanzoni. Na usiangalie hela ya ukurasa mmoja, angalia ya ziara nzima. Mtu akisoma kurasa nne zenye matangazo matatu amekuletea nafasi nyingi kuliko aliyekimbia kwenye ukurasa wa kwanza wenye saba.

Mkuki
Nani kakwambia hawafiki chini? Andikeni vizuri watafika.

Kalamu Kavu
Aya yote hiyo umeona hapo tu? Na kuhusu kuandika, mtu anayebandika habari za wenzake na kubadilisha kichwa asitufundishe. Tovuti yako tunaijua.

Mkuki
Weka ushahidi. Makala gani, ya nani?

Kalamu Kavu
Ile ya betri zinazovimba. Mpaka kosa la tahajia kwenye aya ya tatu umehama nalo.

Mkuki
Hilo kosa ni la kawaida, kila mtu hulifanya.

Babu Kebo
😂😂😂 Mnaniua.

Nyota
Aliyeniita mwizi ndiye huyu? Makubwa.

Mkuki
Usichanganye mambo. Mimi naweka chanzo.

Kalamu Kavu
Chini kabisa, baada ya tangazo la tisa. Ambako ulisema wanafika.

Nyota
Ndiyo maana huwa nasema Wikipedia haina tangazo hata moja na ipo. Kumbe inawezekana.

Mkuki
Ipo kwa michango. Ikifika zamu ya kupitisha bakuli, bango lao linakufunika mpaka usahau ulichofuata. Tofauti yake na tangazo ni nini?

Babu Kebo
Tofauti ni kwamba hakuna anayenunua macho yako. Wale wa Kihispania 2002 walijiondoa wakaanzisha ensaiklopidia yao kwa kusikia tu kwamba huenda matangazo yakaja. Hayakuja, ila walishaondoka.

Nyota
Hao ndio ndugu zangu.

Jembe la Zamani
Michango haiwezekani kwa tovuti ndogo. Nani atachangia makala ya kubadilisha kioo cha simu?

Nyota
Makala ikiwa nzuri, nitachangia.

Mkuki
Wewe? Unayezuia tangazo la bure uchangie hela?

Fundi Skrini
Mwandani, chukua hesabu uondoke nayo kabla hawajaanza tena. Kwenye simu, viwango vile nilivyotaja vinasema jumla ya urefu wa matangazo isizidi asilimia 30 ya urefu wa sehemu ya makala. Tuseme sehemu hiyo ina pikseli 3,000. Asilimia 30 ni 900. Matangazo ya upana wa 300 na urefu wa 250 yakiwa matatu, urefu ni 750, uko salama. La nne linakupeleka 1,000, umeshavuka. Kwa hiyo saba kwenye makala fupi kama mlizonazo hayaingii, labda mwandike marefu. Na linaloganda lisimeze zaidi ya asilimia 30 ya skrini.

Mwandani
Ahsante sana mkuu. Hii naipeleka kama ilivyo.

Mshirika
Huna haja ya kuipeleka, nimeisoma. Mimi ndiye huyo mwenzake mnayemsema ana tamaa. Kwanza sikusema saba, nilisema sita. Pili, gharama ya seva nalipa mimi, yeye analipa maoni. Tatu, la kuganda nimeshaliweka tangu wiki iliyopita na hakuna aliyelalamika.

Mwandani
Umeliweka bila kuniambia?

Mshirika
Ungekataa.

Nyota
Nimeifungua tovuti yenu sasa hivi. Mbona safi tu, hakuna linaloganda wala nini?

Mkuki
Utalionaje na umezuia?

Nyota
Ehee, kweli. Basi inapendeza hivyo hivyo.

Fundi Skrini
Mimi nimeifungua bila kizuizi, simu ya kawaida. Tangazo la kuganda limekalia nusu ya kitufe cha kwenda ukurasa unaofuata. Mtu akitaka kuendelea kusoma anabofya tangazo. Lihamisheni leo, mibofyo ya namna hiyo wakiigundua wanakata hela waliyokuhesabia, na akaunti inaweza kuondoka nayo.

Mshirika
Haiwezekani. Ndilo tangazo linaloingiza kuliko yote tangu nililiweka.

Fundi Skrini
Unadhani linabofywa kwa kupendwa?

Mwandani
Mshirika, pokea simu.