Naomba ushauri: niendelee kujaza katriji au nihamie printa ya tangi?

Wadau wa Kisumu na Nakuru, salaam. Printa ya hapa nyumbani inatumia katriji za HP 652. Katriji nyeusi imekadiriwa kurasa 360, ya rangi 200, na hayo ni makadirio ya maandishi mepesi. Kazi za shule za CBC (mtaala wa umilisi) zenye picha humaliza rangi mapema mno.

Kujaza kwa sindano si tatizo: mililita 4 au 5 za nyeusi, pole pole, unaacha sponji inywe, kisha unabonyeza vitundu vya chini kwenye tishu yenye maji vuguvugu. Wino mweusi uwe wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka). Ule wa kawaida wa rangi iliyoyeyuka (dye) hutapakaa ukiguswa na jasho. Printa itazidi kusema katriji ni tupu, hilo si neno. Ila ukichapisha ikiwa kavu kweli, kichwa cha kuchapia kilicho kwenye katriji kinaungua na katriji ni ya kutupa.

Sasa naitazama Epson L3250, ambayo ni ya tangi. Chupa nyeusi ya mililita 65 inatoa kama kurasa 4500, raha tupu. Wasiwasi ni kwamba sisi huchapa sana wakati wa likizo, halafu inakaa. Kichwa kikikauka, kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji ya taka iliyo ndani ya printa, na ikijaa printa hugoma.

Je, kuna fundi Kisumu anayebadilisha sponji hiyo, au anafuta tu hesabu ya wino wa taka kwa programu? Chupa bandia mnazitambuaje? Ama ninunue printa ya leza ya nyeusi tupu, maana tona (wino wa unga) haikauki?